Watu wa Saa Kumi na Moja

Aliyekaa kambini hahitaji kuelezwa foleni ni nini. Kule Nyarugusu tulipanga foleni ya maji kwa madumu, dumu likakaa kwenye mstari badala ya mtu, na mwenye dumu akaenda kukoroga uji akarudi na kuikuta nafasi yake palepale. Tulipanga foleni ya mgao wa unga na maharage. Tulipanga foleni ya zahanati kabla ya jogoo kuwika. Na ilikuwako ile nyingine isiyoonekana kwa macho, ya kuitwa kwenye mahojiano ili familia ipelekwe nchi ya tatu, ambayo habari zake zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watu wazima wakausogelea ubao ule huku magoti yakicheza.

Kwa hiyo tulipofika Australia na kuwasikia wanasiasa wakiwasema watu walioruka foleni, hatukuhitaji mkalimani. Tulielewa pia kwamba katika hadithi hiyo sisi tumepewa nafasi ya watoto wema. Sisi tulingoja. Tulipewa viza kabla ya kupanda ndege, tukapigwa picha za kifua, tukafundishwa kwa siku chache juu ya basi, benki na jiko la umeme. Mwaka mmoja, katika Wiki ya Wakimbizi, mgeni mwenye cheo alifika kwenye ukumbi tunaosalia ibada yetu ya Kiswahili hapa Queensland. Alikula sambusa, akasimama, akatusifu kwamba tuliingia kwa mlango. Wako wengine, akasema, wanaoingia kwa dirisha. Wazee wetu walimshukuru kama desturi inavyotaka, naye akaondoka. Lakini neno lake lilibaki, kwa sababu safu ya tatu kutoka nyuma alikuwa ameketi mama mmoja wa Kitamil kutoka Sri Lanka, jirani yetu, aliyekuja nchi hii kwa mashua mwaka 2012. Alikuwa ameamka alfajiri kutusaidia kuzikaanga zile sambusa.

Tunaandika habari zake bila jina, na mambo kadhaa tumeyaacha kwa makusudi, maana shauri lake bado liko mahakamani. Wapendwa mtatuelewa.

Familia yake na sisi tulikutana dukani. Katika mji wetu liko duka moja la watu wa Sri Lanka, na ndilo duka pekee tunapopata mihogo iliyogandishwa na dagaa. Dagaa wao ni wa bahari, wetu ni wa Ziwa Tanganyika, lakini namna ya kuwachagua ni ileile: unachukua kiganja, unanusa, unakunja uso, unarudisha. Mama yule alimwona mwenzetu akifanya hivyo akacheka, na urafiki ukaanzia hapo, kwa Kiingereza cha kuazima pande zote mbili. Mumewe alikuwa mvuvi katika pwani ya Mullaitivu, kaskazini mashariki mwa kisiwa chao. Wanaume wetu kadhaa walizaliwa Baraka na Uvira na kukulia kwenye mitumbwi na taa za karabai. Leo wote, yeye na wao, wako machinjioni, wamesimama kwenye mnyororo ule wa nyama tangu saa kumi na mbili asubuhi wakiwa wamevaa glavu za chuma. Wanapopumzika huongea habari za nyavu.

Si Wakristo. Nyumbani kwake mama huweka maua mbele ya picha za miungu yao, na kwetu huja mara mojamoja kwa sababu ya kwaya. Tunalitaja hili mapema kwa kuwa lilikuja kuwa hoja.

Habari za nchi yao tulizipata kidogokidogo. Mwezi Julai 1983 mamia ya Watamil waliuawa mjini Colombo na kwingineko na makundi ya watu, nyumba zao zikichomwa, na vita kati ya serikali na waasi wa Tamil Tigers vikaendelea kwa miaka 26. Oktoba 1995 karibu mji mzima wa Jaffna ulihama kwa miguu. Mwisho ulifika Mei 2009, kwenye kipande chembamba cha mchanga kati ya rasi na bahari, mahali paitwapo Mullivaikkal. Raia walikuwa wameambiwa na serikali kwamba hapo ni eneo salama. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2011 kwamba kuna madai ya kuaminika kuwa maeneo hayo yalipigwa makombora, na kwamba idadi ya raia 40,000 waliokufa katika miezi ile haiwezi kupuuzwa. Waliobaki hai, zaidi ya robo milioni, walifungiwa kambini nyuma ya seng'enge. Kaka wa jirani yetu alivuka daraja siku zile za mwisho akajisalimisha kwa jeshi, mbele ya macho ya mama yake. Hajaonekana tena. Tangu Februari 2017 akina mama wa watu kama huyo wameketi kando ya barabara kule Kilinochchi wakiwa na picha za watoto wao, mvua na jua, na baadhi yao wamekufa wakiwa bado wanauliza.

Watu wa Kivu tunawaelewa hao akina mama.

Sasa jinsi Australia ilivyoshughulika na watu hawa. Tumejaribu kufuata mambo haya kwa miaka, na ni marefu, lakini msomaji avumilie kidogo. Oktoba 2009 meli ya forodha ya Australia iitwayo Oceanic Viking iliwaokoa Watamil 78 baharini karibu na Indonesia, wakakataa kushuka kwa muda wa karibu mwezi mzima, mpaka walipoahidiwa kwamba maombi yao yatashughulikiwa haraka. Aprili 2010 serikali ikatangaza kwamba kwa miezi mitatu haitashughulikia ombi lolote jipya la mtu wa Sri Lanka, na kwa Waafghani miezi sita. Fikirini hilo: si kwamba ombi limekataliwa, bali hata kufunguliwa halifunguliwi, kwa sababu ya nchi uliyozaliwa. Kuanzia Oktoba 2012 ukaja utaratibu wa kuwachuja watu wa Sri Lanka kwa mahojiano mafupi, bila wakili, na ambaye ofisa hakuridhika naye alirudishwa kwa ndege. Julai 2014 watu 41 walihojiwa baharini, wakakabidhiwa kwa jeshi la wanamaji la Sri Lanka palepale majini. Wengi wao walikuwa Wasinhala, na Watamil wachache. Wakati huohuo Watamil 157 waliotoka India walishikiliwa ndani ya meli ya Australia karibu mwezi mmoja, pamoja na watoto wao. Wakili wao alifika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi hii, na Januari 2015 majaji wanne dhidi ya watatu walisema serikali haikuvunja sheria. Wanne kwa watatu. Wakati huo watu wenyewe walikwisha kupelekwa kisiwa cha Nauru.

Wapo waliotambuliwa kuwa wakimbizi wa kweli na bado wakafungwa. Zaidi ya watu 50, wengi wao Watamil, walikaa kizuizini miaka kwa sababu idara ya usalama iliwaona wa hatari, na sababu zenyewe hawakuonyeshwa. Hili ndilo lililowatikisa wanaume wetu pale machinjioni. Maana huyo mvuvi alipoulizwa kama aliwahi kuwasaidia waasi alijibu kweli, kwamba Tigers waliichukua mashua yake mara mbili pamoja na yeye mwenyewe. Mmoja wetu, mtu wa Fizi, alisema: kule ziwani nani hajawapa Mai-Mai samaki? Ukikataa unakufa, ukitoa wewe ni mwasi.

Jirani yetu na mumewe na binti yao wa miaka mitano walifika Visiwa vya Cocos baada ya tarehe 13 Agosti 2012. Tarehe hiyo waliijua baadaye sana. Serikali ilikuwa imeamua kwamba atakayefika kwa mashua kuanzia siku ile asipate nafuu yoyote kuliko kama angengoja alikotoka. Basi walitolewa kizuizini wakapewa viza ya kusubiri, na kwa miaka ya kwanza hawakuruhusiwa kufanya kazi. Hawakuruhusiwa hata kuomba hifadhi, mpaka waziri mwenyewe afungue mlango, na hakufungua upesi. Februari 2014 idara ya uhamiaji iliweka kwa bahati mbaya kwenye intaneti orodha yenye majina na habari za watu karibu 10,000 waliokuwa kizuizini. Mtu aliyekimbia serikali yake, jina lake likaanikwa mahali serikali yake inaweza kulisoma. Mwaka uohuo msaada wa mawakili wa kulipiwa na serikali ukaondolewa kwa waliokuja kwa mashua. Desemba ikapitishwa sheria mpya, na watu wapatao 30,000 wakawekwa kwenye utaratibu ulioitwa wa njia ya haraka.

Njia hiyo ya haraka jirani yetu yumo mpaka leo. Alijaza fomu ndefu ya Kiingereza mwaka 2016. Alihojiwa 2017. Alikataliwa. Rufaa yake mwaka 2018 iliamuliwa kwenye karatasi tu, bila yeye kuitwa, na kwa sheria hiyo ushahidi mpya haukupokelewa isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Akakataliwa tena.

Barua ile aliileta kwetu kwa sababu binti yake, ambaye ndiye msomaji wa barua nyumbani, alikuwa na miaka kumi na moja, na mama hakutaka mtoto aisome. Akaketi jikoni kwa Mama Mchungaji, na mwenzetu mwenye Kiingereza kizuri akaisoma polepole. Sababu kubwa ilikuwa kwamba maelezo yake hayaaminiki. Alipofika, kwenye mahojiano ya kwanza, hakumtaja kaka yake aliyepotea. Alimtaja miaka mitano baadaye. Ofisa akaona amemwongeza. Mama yule akatuambia kwamba siku ile ya kwanza aliambiwa ajibu kwa kifupi, mkalimani alikuwa mwanamume wa sauti ya juu kwenye simu, na mtoto alikuwa akitapika. Kisha barua ilisema vita vimekwisha tangu 2009, hali imetulia, na Mtamil wa kawaida hana tena sababu ya kuogopa. Ilitegemea taarifa ya serikali hiihii ya Australia juu ya Sri Lanka. Novemba 2019, mwaka uliofuata, aliyekuwa katibu wa wizara ya ulinzi wakati wa Mullivaikkal alichaguliwa kuwa rais wa nchi ile.

Sisi tunayajua mahojiano. Pale kambini tuliulizwa mto uko upande gani wa kanisa, na soko huwa siku gani, na watoto wako ni wangapi. Swali hilo la mwisho liliwaangusha akina mama wengi. Mama wa kwetu akiulizwa ana watoto wangapi huhesabu na waliokufa, maana aliwazaa. Kesho akiulizwa na ofisa mwingine waliopo nyumbani ni wangapi anataja wachache, na kwenye karatasi amekuwa mwongo. Tarehe nazo: sisi tunasema vita vya kwanza, vita vya pili, mwaka wa kipindupindu. Wao husema kabla ya kuhama Jaffna. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani wakamtaka kila apitaye atamke Shibolethi, na aliyesema Sibolethi aliuawa. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa herufi moja. Mhubiri wetu alilisoma fungu hilo Jumapili moja bila kutaja mtu, na tukaona wengi wakiinama.

Na iko hii ya lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili mtu asiye na huruma tunasema hana imani. Neno ni lilelile tunaloliimba kila Jumapili, na ni ndugu wa kuamini na kuaminiwa. Hatujui kama ofisa angeelewa tukimwambia hivyo.

Baada ya barua ile lilikuja ombi. Wakili wa kujitolea alisema waziri ana uwezo wa kuingilia kati yeye mwenyewe, ingawa sheria haimlazimishi hata kulifikiria ombi, na kwamba barua za watu wanaomfahamu mama huyu zinaweza kusaidia. Akauliza: je, usharika wa Waswahili utaandika?

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, na itakuwa uongo kuyaeleza kama yalikuwa mepesi. Wengi wetu tuna ndugu ambao bado wako Nyarugusu na Kakuma, na maombi ya kuwaleta yako mezani kwa serikali hiyohiyo. Dada mmoja alisimama akasema: mdogo wangu faili lake limefika hatua ya kupimwa afya, nikiweka sahihi kwenye barua ya kuipinga serikali, wakilifunga? Hakuna aliyemcheka. Mwingine akasema tuwafanyie wema hasa wale wa nyumba ya imani, na hawa si wa nyumba ya imani. Kisha akasimama mzee wetu mmoja wa kanisa, aliyeingia Nyarugusu 1996 na kutoka 2013. Akasema mnatusomea ule mfano wa Mathayo 20, wa wafanyakazi walioajiriwa saa kumi na moja wakalipwa dinari sawa na walioanza alfajiri. Ni mzuri. Lakini yule mwenye shamba hakuitoa dinari ya wa jioni kwenye mfuko wa wa asubuhi. Huku ndivyo inavyofanyika. Akipewa yeye viza, inapungua moja kule kwetu.

Alikuwa anasema kitu cha kweli. Tangu mwaka 1996 serikali ya Australia ilihesabu pamoja viza za hifadhi wanazopewa watu waliokwisha kufika na zile za watu walioko kambini nje, chini ya idadi moja ya mwaka. Ikiongezeka huku, inapungua kule. Ndio mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Kwa hiyo mzee alikuwa na dai, na dada aliyekuwa na hofu alikuwa na dai. Lakini aliyezifunga kamba hizo mbili pamoja hakuwa mvuvi wa Mullaitivu. Alikuwa waziri mwenye kalamu, na kalamu hiyo ingeweza kuzifungua siku yoyote, maana nchi nyingine hazikuhesabu hivyo. Ndivyo alivyojibu mwenzetu mmoja kijana, anayefanya kazi ya kuhudumia wakongwe. Akaongeza jambo ambalo mzee alilijua kuliko yeye.

Akasema ile haikuwa foleni. Na haikuwa. Foleni ya maji ina mwanzo na mwisho, aliyetangulia huchota kwanza. Lakini kwenye mahojiano ya nchi ya tatu, familia iliyoingia kambini 2003 iliiacha iliyoingia 1996. Aliyeondoka ni mjane, ni mgonjwa, ni mwenye hatari ya pekee, ni yule ambaye nchi fulani mwaka ule ilikuwa inatafuta watu wa namna yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi husema wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia. Tulipoitwa majina yetu tulipiga vigelegele na kusema ni neema. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni zamu yake. Tuliowaacha pale walikuwa na haki yote tuliyokuwa nayo. Na kwa Mtamil wa mwaka 2009 hata ubao wa kubandika majina haukuwako. India haijautia sahihi Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, wala Indonesia, wala Malaysia. Wako Watamil wa Sri Lanka katika kambi za India tangu 1983. Na tukitaka kuhesabu saa za kungoja, jirani yetu amengoja tangu 2012, muda ambao wengine wetu tumefika, tumekuwa raia, na tumepiga kura mara kadhaa. Nani basi ni wa alfajiri na nani ni wa saa kumi na moja?

Mzee alisikiliza. Akasema foleni ni foleni. Akakaa.

Barua iliandikwa. Sahihi zilikuwa 41, na wasiotia hawakuulizwa sababu. Dada mwenye mdogo wake kambini hakutia, akaleta dola hamsini za nauli ya wakili ndani ya bahasha isiyo na jina, ambayo kila mtu alijua ni yake kwa mwandiko.

Tulikuwa na tumaini kwa sababu ya Biloela. Mji huo mdogo uko Queensland hii hii, nao una machinjio. Machi 2018, alfajiri, walinzi walifika nyumbani kwa familia moja ya Kitamil wakamchukua baba, mama na wasichana wawili wadogo waliozaliwa Australia, siku moja baada ya viza ya mama kwisha. Agosti 2019 waliwekwa kwenye ndege ya kuwarudisha, na jaji akatoa amri kwa simu ndege ikiwa angani; ikatua Darwin. Wakapelekwa Kisiwa cha Christmas, wakakaa kule mpaka mtoto mdogo alipougua sana mwaka 2021. Watu wa Biloela, wakulima na wafanyakazi wa nyama, watu ambao usingewadhania, hawakunyamaza miaka minne. Mei 2022 serikali ilibadilika kwa uchaguzi, na ndani ya siku chache waziri mpya akatumia ule uwezo wake. Juni wakarudi nyumbani, na Agosti wakapewa ukaazi wa kudumu. Hakuna kilichobadilika katika maelezo yao wala katika sheria. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti.

Februari 2023 serikali hiyo mpya ikawaruhusu watu wapatao 19,000 wenye viza za ulinzi za muda waombe kukaa moja kwa moja. Tulifurahi pamoja nao. Katika duka lile la dagaa siku hiyo waligawa pipi. Jirani yetu hakuwa mmoja wao, kwa kuwa yeye alikwisha kukataliwa, na waliokataliwa na njia ya haraka waliachwa nje, maelfu. Chombo chenyewe kilichomkataa kwenye karatasi kilifutwa Oktoba 2024. Kimefutwa, lakini maamuzi yake yanaishi. Ombi letu kwa waziri lilijibiwa kwa barua ya mistari minne.

Kuna wasioweza kungoja. Mwaka 2014 kijana mmoja wa Kitamil huko Geelong, mtu wa kanisani, mpole, alikufa kwa mkono wake mwenyewe akiwa na hofu ya kurudishwa. Alikuwa amejiandikisha kutoa viungo vyake kwa wagonjwa, navyo vikatolewa. Wazazi wake, wakimbizi huko India, waliomba viza waje kumzika wakanyimwa. Agosti 2024 kijana mwingine, huko Melbourne, alikufa vivyo hivyo. Siku hiyo ya Agosti mama jirani hakwenda kazini. Wanawake wetu watatu walikwenda kuketi naye, kama tunavyoketi matangani, bila maneno, wakipika tu na kuosha vyombo. Tangu hapo kila wiki yuko mmoja anayepita kwake kwa zamu, na kumtazama pia yule baba, maana wanaume hunyamaza.

Watoto ndio wanaotuliza na kutusumbua kwa pamoja. Mdogo wa kiume alizaliwa hapa 2014. Kwa sheria ya nchi hii mtoto aliyezaliwa na kukaa Australia miaka kumi ya kwanza anakuwa raia siku anayotimiza kumi. Basi mwaka 2024 alilala si raia akaamka raia. Wazazi hawajui kama watakuwapo kumlea. Dada yake, aliyefika akiwa na miaka mitano, amemaliza shule ya sekondari kwa alama ambazo watoto wetu hawakuzipata, anataka uuguzi, na chuo kinamtoza karo ya mwanafunzi wa kigeni. Anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu ya vijana na anajua maneno yote, ingawa maana ya mengi haijui. Kuna vyuo vinavyotoa ufadhili kwa watu wa viza ya kusubiri, nafasi chache kila mwaka, na mwenzetu mmoja anamsaidia kuandika maombi. Tumechanga pia kidogo. Jumla yake haijafika karo ya muhula mmoja.

Shauri lenyewe liko mahakamani tangu 2018. Jaji haruhusiwi kusema kama mama yule ni mkweli. Anaweza tu kusema kama aliyemkataa alifuata sheria katika kumkataa. Akishinda, faili linarudi kuanza tena.

Brisbane ni mbali, na kikao huanza asubuhi, kwa hiyo safari ni ya usiku. Anayeendesha ni yule mzee wetu wa kanisa, kwa kuwa gari lake ni kubwa na hapendi vijana waliendeshe. Njiani yeye na yule mvuvi hukaa mbele na huongea habari za samaki. Wamekwenda mara mbili. Mara ya kwanza jaji alikuwa mgonjwa, mara ya pili mkalimani hakupatikana. Tarehe mpya haijatajwa.